Jinsi ya kuweka kibao cha historia kando ya barabara: mwongozo kwa watu wa Taita-Taveta

Ukipanda matatu Voi kuelekea Taveta, unapita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni, na kabla hujafika Taveta unakiona kilima cha Salaita kimekaa peke yake kwenye tambarare. Njia hiyo yote ilikuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya Waingereza na Wajerumani, kuanzia Agosti 1914, Wajerumani walipoiteka Taveta, hadi Machi 1916 walipofukuzwa. Abiria wengi hawana habari. Makaburi ya kijeshi ya Voi, Maktau na Taveta yanatunzwa vizuri, lakini yanataja sehemu ndogo sana ya watu waliokuwa hapa.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka mahali pake pajulikane: mwalimu, kikundi cha vijana, wazee wa ukoo, wasimamizi wa ranchi. Mifano yangu ni ya Taita-Taveta kwa sababu ndiyo kaunti ninayoifuatilia, ila sheria ninazozitaja ni za Kenya nzima, kwa hiyo mtu wa Nandi au Kilifi atazitumia vilevile.

Nianze na msimamo wangu, maana hatua zote zinautegemea. Kibao kina nafasi ya maneno mia moja hivi, na kikijengwa vizuri kitasomwa na watoto ambao hawajazaliwa. Hakuna atakayekuwa amesimama pale kueleza kwamba sentensi fulani ilikuwa na walakini. Basi usiandike usichoweza kukionyesha ushahidi wake, na kama nafasi ni finyu, wape kwanza wale ambao hawajaandikwa popote.

Hatua ya 1: Orodhesha kilichopo tayari

Kabla ya kuongeza kibao kipya, tembea njia yako na uandike kila alama iliyopo: mawe ya makaburi, tarehe zilizochongwa juu ya milango ya makanisa ya zamani, majina kwenye stesheni za reli, bamba kwenye madaraja, sanamu, hata majina ya shule. Kwa kila alama piga picha ya mbele na ya nyuma, kisha chukua viwianishi vya mahali (namba za GPS) kwa simu yako. Andika nani aliiweka na lini, kama imeandikwa. Mara nyingi nyuma ya jiwe ndiko kwenye habari muhimu kuliko mbele.

Weka orodha hiyo kwenye daftari la karatasi na pia kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza alama za kihistoria bila malipo. Simu huibwa, daftari hulowa. Ukiwa na nakala mbili huna wasiwasi.

Orodha ikikamilika, itazame kwa jicho la mtu anayetafuta nani hayupo. Chukua mfano wa Voi. Kwenye makaburi ya kijeshi amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers cha jeshi la Uingereza, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alijeruhiwa mguu, wenzake wakawa wanamwondoa, naye akasisitiza aachwe na majeruhi wengine ili awalinde. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa, na kaburi lake lina jina na tarehe. Anastahili. Sasa uliza: waliobeba maji na chakula cha kikosi hicho wako wapi? Katika vita vya Afrika Mashariki wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ilitoa ripoti ya kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Pengo kama hilo ndilo linalokuonyesha kibao chako kinahitajika wapi.

Hatua ya 2: Chagua tukio moja na mahali pamoja

Vikundi vingi hukwama hapa. Wanataka kibao kimoja kieleze asili ya kabila, majina ya koo zote, wamishonari, vita na uhuru. Matokeo yake ni ukuta wa maandishi ambao hakuna anayeumaliza.

Jiulize swali moja: kitu gani kilitokea *hapa*, pale msomaji atakaposimama? Kama jibu linaanza na "watu wetu walitoka...", hiyo ni hadithi ya kitabu. Kama linaanza na "kwenye kilima hiki..." au "kwenye kisima hiki...", hiyo ni hadithi ya kibao.

Kaunti yetu haina uhaba. Mmishonari Johannes Rebmann alipita Taita akielekea Uchaga, na Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo wasomi wa Ulaya walikataa kuiamini kwa miaka. Mwangeka, kiongozi wa upinzani wa Wataita, aliuawa mwaka 1892 akipambana na watu wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Chama cha Taita Hills, ambacho Mengo Woresha alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kilipigwa marufuku mwaka 1940 pamoja na KCA, chama cha Wakikuyu, na chama cha Wakamba kwa sababu kilitetea ardhi. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na zaidi ya nusu ya eneo la kaunti iko ndani yake hadi leo. Jambo hili la mwisho linagusa karibu kila familia ya tambarareni, na nashangaa kwamba halina hata jiwe moja la kueleza lilikuwaje kwa waliokuwa wakichunga na kuwinda humo.

Lakini kama ningeulizwa nitaje moja tu, ningetaja Kasigau. Mwaka 1915, Wajerumani walipokuwa wakipenya hadi mlima huo ili waifikie reli ya Mombasa, serikali ya kikoloni iliwashuku Wakasigau kuwa waliwasaidia. Watu wakang'olewa kwenye vijiji vyao na kupelekwa upande wa Malindi, pwani yenye joto na malaria ambayo hawakuizoea. Wengi walifia huko. Waliosalia walirudi baada ya miaka mingi na kuanza upya chini ya mlima uleule, Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe. Mtalii anayepanda Kasigau leo kutazama ndege na msitu wa mawingu anapita juu ya habari hii bila kuijua.

Kuna mahali ambapo hapafai kibao. Misitu mitakatifu ya Wadawida (Wataita), fighi, na mapango yalikohifadhiwa mafuvu ya mababu, yana wenyewe na yana miiko. Usiweke viwianishi vyake kwenye ramani ya umma, usipige picha bila ruhusa, na usichonge mshale wa kuelekeza wageni. Wazee wakikuambia "hapa hapana", hilo ni jibu kamili.

Hatua ya 3: Sikiliza wazee kwa utaratibu

Enda kwa mzee kwa njia inayofaa: pitia kwa jamaa au kwa naibu wa chifu, jitambulishe kwa jina la baba au babu yako, eleza unataka nini na maneno yake yatatumika vipi. Omba idhini ya kurekodi kabla ya kuwasha simu. Usiingie na karatasi ya maswali thelathini. Maswali matatu au manne yanatosha, na swali bora kuliko yote ni hili: "Hayo uliyasikia kwa nani?" Mzee akisema aliyasikia kwa nyanya yake aliyekuwa msichana wakati wa vita, una mnyororo wa watu wawili hadi kwenye tukio. Akisema alisikia redioni, andika hivyo pia.

Zungumza na kila mtu peke yake kwanza, kisha wakusanye pamoja. Kwenye kikao cha pamoja, mwenye sauti kubwa huongoza na wengine huitikia. Ukiwa umewasikia mmoja mmoja, utajua ni wapi wanatofautiana, na tofauti hizo ni mali. Wasikilize akina mama kwa makusudi. Habari za kuhamishwa, za njaa, za nani alizaliwa njiani na nani alizikwa wapi, mara nyingi ziko kwao, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza.

Tarehe ndizo ngumu. Usimwulize mzee "mwaka gani?" Muulize kabla au baada ya nini. Tengeneza kalenda yako ya matukio ambayo miaka yake inajulikana: njaa ya Mwakisenge ya miaka ya 1880, reli ilipofika Tsavo mwaka 1898, vita vya Wajerumani kuanzia 1914, nzige wa kuelekea miaka ya 1930, Tsavo kufungwa mwaka 1948, uhuru mwaka 1963. "Babu alimwoa bibi kabla ya reli, mtoto wa pili akazaliwa njaa ikiwa imeisha" ni habari unayoweza kuipanga kwenye kalenda hiyo na kupata muongo wake kwa uhakika.

Andika maneno ya mzee kwa lugha aliyoisema, Kidawida, Kitaveta, Kisaghala au Kikasigau, ndipo ufasiri. Na umrudishie nakala. Familia nyingi zimehojiwa na wanafunzi wa vyuo hazikuona hata ukurasa mmoja, na ndiyo maana baadhi zimefunga milango. Ukienda na nakala ya mahojiano iliyochapwa vizuri, utashangaa mlango unavyofunguka mara ya pili.

Kama utafiti wako ni wa shahada ya chuo, utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na utafiti, kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Tafuta nyaraka

Jumba la Nyaraka za Kitaifa liko Moi Avenue, Nairobi, karibu na sanamu ya Tom Mboya, ndani ya jengo la zamani la benki. Mtu yeyote anaweza kujiandikisha kuwa msomaji. Nenda na kitambulisho, na uende ukijua unachotafuta. Omba orodha za faili za wilaya ya Taita na za Mkoa wa Pwani, hasa ripoti za kila mwaka za mkuu wa wilaya na vitabu vya kumbukumbu za kisiasa. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa zikishatimiza miaka 30, kwa hiyo za enzi ya ukoloni nyingi zinasomeka.

Soma ripoti hizo ukijua zimeandikwa na nani. Mkuu wa wilaya aliandika ili wakubwa wake wamwone anafanya kazi. Akisema watu "walihama kwa hiari", linganisha na ulichosikia Rukanga. Lakini usizidharau: ndimo mlimo na tarehe, idadi ya kodi, majina ya machifu, na mara nyingine barua ya malalamiko ya mwananchi iliyobandikwa nyuma, ambayo ina thamani kuliko ripoti yenyewe.

Kwa habari za vita, tovuti ya CWGC hukuwezesha kutafuta jina la aliyezikwa au kaburi lote bila malipo. Shajara za vita za vikosi vya Uingereza ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, katika kundi linaloitwa WO 95. Ramani za zamani utazipata Idara ya Upimaji, Ruaraka. Makanisa nayo yana vitabu vya ubatizo na ndoa. Misheni ya Bura ilianzishwa miaka ya 1890, na kitabu cha ubatizo hutaja majina ya watu wa kawaida ambao serikali haikuwahi kuwaandika.

Hatua ya 5: Pima idadi na simulizi

Mfano mzuri wa kujifunzia uko darajani Tsavo. Kila mtu amesikia habari za simba wawili wala watu wa mwaka 1898, waliosimamisha ujenzi wa daraja la reli hadi mhandisi John Henry Patterson alipowaua Desemba. Waliuawa watu wangapi? Patterson mwenyewe mwanzoni alitaja vibarua 28 wa Kihindi na Waafrika wengi ambao hawakuhesabiwa. Miaka mingi baadaye, ngozi za simba hao zikiwa zimeuzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, idadi ikawa 135. Mwaka 2009 wanasayansi walichunguza kemikali za mifupa na manyoya ya simba hao na kukadiria kwamba waliliwa watu kama 35. Ukiandika "135" kwenye kibao, umebeba hesabu iliyokua kadiri hadithi ilivyosafiri. Na ukiandika "28" peke yake, umewaacha nje Waafrika wale ambao hakuna aliyewahesabu. Sentensi ya kweli ni ndefu kidogo: "Makadirio ni kati ya 28 na 135, uchunguzi wa 2009 ulikadiria 35, Waafrika waliouawa hawakuhesabiwa."

Mfano wa pili ni mbuyu. Upande wa Maktau na Mbuyuni husimuliwa habari za mwanamke Mjerumani aliyejificha ndani ya mbuyu na kuwapiga risasi askari wa Uingereza kulipiza kisasi cha mumewe. Mbuyu una matundu, na wageni hupenda kuonyeshwa. Mimi sijaona hati inayoithibitisha habari hiyo, na nisingeiweka kwenye kibao kama tukio. Ila simulizi yenyewe ni sehemu ya historia ya mahali: inaonyesha watu walivyokuwa wakiieleza vita iliyowaangukia. Iandikwe basi kwa "inasimuliwa kwamba", kwa sentensi moja, baada ya mambo yaliyothibitika.

Kanuni ninayopendekeza ni vyanzo viwili visivyotegemeana kwa kila tarehe, idadi na jina. Wazee wawili waliosikia kwa babu mmoja ni chanzo kimoja. Tovuti mbili zilizonakiliana ni chanzo kimoja. Mzee wa Bungule na faili la Nairobi wakikubaliana, hapo una viwili.

Hatua ya 6: Andika maneno

Maneno 80 hadi 110 kwa kila lugha. Sentensi ya kwanza iseme nani, nini, wapi na lini. Usianze na "Tangu jadi". Taja waliokuwapo wote, kisha malizia na kitu ambacho msomaji anaweza kukiona kwa macho yake akiinua kichwa.

Huu hapa ni mfano wa Salaita:

> KILIMA CHA SALAITA
> Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza, wengi wao askari kutoka Afrika Kusini, yalishambulia kilima hiki, kilichoshikwa na jeshi la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Shambulio lilishindwa. Kikosi cha Wabaluchi kutoka India kiliwakinga waliokuwa wakirudi nyuma. Wajerumani walikiacha kilima mwezi uliofuata, na mapigano makali yakahamia vilima vya Latema na Reata unavyoviona upande wa magharibi. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi Waafrika waliobeba maji, chakula na risasi. Wengi wao walikufa katika vita hivi na hawana kaburi lenye jina.

Tazama kilichoachwa nje. Hakuna majina ya majenerali. Smuts wa upande wa Uingereza na Lettow-Vorbeck wa upande wa Ujerumani wana vitabu vyao. Hakuna "mashujaa", hakuna "damu iliyomwagika", hakuna idadi ya waliokufa kwa kuwa vyanzo vinatofautiana na nafasi ya kueleza haipo. Neno "Wajerumani" limefafanuliwa mara moja ili msomaji asidhani ni Wazungu peke yao waliokuwa juu ya kilima. Mtoto anayesoma hapa ana haki ya kujua kwamba Waafrika walipigana pande zote mbili, wengi bila kuulizwa.

Kuhusu lugha, pendekezo langu ni Kiswahili juu, lugha ya mahali katikati, Kiingereza chini na kifupi. Kila moja iandikwe na mtu anayeiongea, kutokana na ukweli uleule, bila kufasiri neno kwa neno. Mpe rasimu mtoto wa darasa la sita aisome kwa sauti. Akikwama, sentensi ni ndefu mno.

Kisha rasimu isomwe barazani. Soma polepole, mara mbili, na uache watu wabishe. Ubishi wa barazani hauna gharama, ukilinganisha na ubishi wa baada ya jiwe kuchongwa. Kama koo mbili hazikubaliani nani alikuwa wa kwanza kukaa mahali, kata hiyo sentensi. Kibao hakitatui mgogoro wa ardhi, na mtu anaweza kukichukua kesho kama ushahidi mahakamani.

Hatua ya 7: Pata ruhusa kabla ya kuchimba shimo

Anza na mwenye ardhi. Kama ni shamba lenye hatimiliki, pata barua yake iliyotiwa sahihi. Kama ni ranchi ya kikundi, barua ya kamati. Ndani ya hifadhi ya Tsavo huwezi kufanya lolote bila Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Ukanda wa barabara una mwenyewe. Barabara kuu, pamoja na hii ya Voi hadi Taveta, ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Barabara nyingine huwa chini ya KeRRA, mamlaka ya barabara za mashambani, au kaunti. Usiweke chochote ndani ya ukanda huo bila barua yao, maana barabara ikipanuliwa kibao kitang'olewa bila fidia. Mara nyingi ni rahisi na salama zaidi kukiweka nje kidogo ya ukanda, kwenye kiwanja cha shule, kanisa, zahanati au soko.

Upande wa kaunti, Katiba ya 2010 inazipa kaunti shughuli za utamaduni na makavazi, na serikali ya kitaifa inabaki na maeneo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Kwa hiyo andika barua kwa idara ya utamaduni ya kaunti, na nakala kwa mwakilishi wa wadi. Nyingine iende kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ukitaka mahali penyewe palindwe kisheria, kibao peke yake hakitoshi. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006, waziri anaweza kupatangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa muda wa kulitoa. Ni safari ndefu, lakini palipotangazwa hapawezi kuchimbwa kokoto kiholela.

Sheria hiyohiyo inahusu vitu unavyoviokota. Maganda ya risasi, vifungo na vyuma vya vita bado huonekana kwenye uwanja wa Salaita na Mbuyuni. Viache palepale, piga picha, toa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa. Kitu kizima chenye umbo la kombora usikiguse kabisa. Weka alama kwa mbali, wazuie watoto, piga simu polisi.

Hatua ya 8: Jiwe, herufi na tembo

Dereva hasomi kibao akiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: kibao kidogo cha kuonya kwamba mbele kuna mahali pa kihistoria, na mahali pa kuegesha gari nje kabisa ya lami. Kama hakuna pa kuegesha, tafuta pengine. Usiweke kwenye kona, kwenye mteremko wala karibu na daraja, hata kama tukio lilitokea hapohapo. Andika tu "mita 300 kaskazini ya hapa".

Herufi za maandishi zisipungue kimo cha sentimita 1.5, za kichwa sentimita 5. Andika kwa herufi ndogo za kawaida, kwa sababu aya nzima ya herufi kubwa huchosha macho. Uso wa kibao uinamishwe kidogo ili maji yatiririke, na uelekezwe mbali na jua la saa kumi, la sivyo msomaji ataona mng'ao tu.

Chuma sikipendekezi. Bamba la shaba au la alumini ni mali ya mwenye kununua vyuma chakavu, na halitamaliza mwaka. Plastiki hupasuka kwa jua la tambarare. Granite iliyochongwa herufi kwa kina na kutiwa rangi, ikajengewa ndani ya msingi mnene wa mawe na saruji, ndiyo hudumu. Ijengwe fupi na pana, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Nguzo ndefu nyembamba katika kaunti hii ni kikwaruzio cha tembo, naye akishaiegemea haiachi imesimama. Epuka pia njia zao za kwenda majini. Wachungaji wanazijua, waulize.

Chukua makadirio ya bei kwa mafundi watatu kabla ya kuchangisha, na umtake kila mmoja akuonyeshe kazi aliyoifanya zamani ambayo bado inasomeka. Fundi akikuletea jiwe, lisome kabla halijapakiwa kwenye gari, herufi kwa herufi, na mtu wa pili alisome kinyumenyume kutoka neno la mwisho. Ndivyo makosa ya tahajia yanavyonaswa.

Nyuma ya jiwe chonga mambo matatu: mwaka kilipowekwa, nani waliweka, na nakala ya ushahidi iko wapi.

Hatua ya 9: Uzinduzi na matunzo

Tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa, inafaa. Au chagua siku ya tukio lenyewe. Wape nafasi ya kwanza kusema wale wazee uliowahoji, wanasiasa wafuate. Kama ni kibao cha Kasigau, majina ya familia zilizopelekwa Malindi yasomwe yote, kwa sauti, hata kama yatachukua saa nzima na hayakutosha kwenye jiwe.

Faili la ushahidi, yaani mahojiano, picha za nyaraka, barua za ruhusa na rasimu zote, litolewe nakala tatu: moja shule ya karibu, moja idara ya utamaduni ya kaunti, moja Makavazi ya Kitaifa.

Chagua mtu mmoja mwenye jina, wala si "kamati", wa kupita pale kila baada ya mvua za masika na za vuli, kufyeka nyasi na kupiga picha. Wanafunzi wa darasa fulani la shule ya jirani wanaweza kurithishana kazi hiyo mwaka hadi mwaka. Tenga sehemu ya michango tangu mwanzo kwa ukarabati, kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Na siku mtu akija na karatasi inayoonyesha kwamba tarehe mliyoandika si sahihi, mpokeeni, mwitishe baraza, mkague ushahidi wake kwa kanuni ileile ya vyanzo viwili. Ukithibitika, chongesheni jiwe dogo la marekebisho lenye mwaka wa marekebisho na mlijenge chini ya lile la kwanza, bila kulifuta.